YAH: Malalamiko kuhusu kukataliwa kwa dai la bima ya kigari cha gofu

Kwa Meneja,
Idara ya Madai.

Ndugu Meneja,

Nimepokea barua yenu ya kulikataa dai langu la ajali ya kigari changu cha gofu, kilichogonga ukingo wa barabara na kumrusha nje jirani yangu aliyekipanda. Nimeisoma sambamba na hati ya bima, kifungu kwa kifungu, na sikubaliani nayo. Naomba dai hili lipitiwe upya, tena na mtu mwingine, siyo afisa yule yule aliyelikataa.

Nyumba yangu ina bima yake. Bima hiyo inakilinda kigari kikiwa ndani ya uzio wangu, au kikiwa uwanjani watu wanacheza gofu. Kikishatoka getini kikashika barabara ya mtaa kuelekea uwanjani, hakina ulinzi wowote. Hilo nililijua mapema, na ndilo lililonileta kwenu. Nilimwandikia wakala wenu kwa barua pepe, nakala naiambatisha, kwamba nataka bima ya kukilinda kigari kikiwa njiani kwenda na kurudi, kikiendeshwa na mimi au mtu mzima yeyote wa nyumbani kwangu. Akanijibu kwa mstari mmoja: nikate bima kubwa, inafunika kila kitu. Nikakata, na ada nikailipa yote kwa mkupuo.

Leo mnaniambia kuwa bima hiyo kubwa inafanya kazi kwenye kiwanja cha nyumba yangu na kwenye uwanja wa gofu tu. Sehemu hizo mbili zilikuwa na bima kabla sijawajua! Maana yake nimelipia kitu kimoja mara mbili, na kile nilichokuja kukitafuta sijakipata hadi leo. Kama hamuuzi bima ya barabarani kwa vigari hivi, wakala angesema hivyo, nami ningeenda kwingine. Kama mnaiuza, kwa nini hakunipa?

Fomu yenu ya maombi nayo ni tatizo. Imeniuliza rangi ya kigari, mwaka kilipotengenezwa, namba ya fremu, hata kama kina paa. Haikuuliza kinapita wapi. Haikuuliza nani anakiendesha. Haikuuliza kinatumia betri za aina gani. Hayo matatu ambayo hayakuulizwa ndiyo sababu tatu mlizotumia kunikatalia. Najua mteja ana wajibu wa kueleza kila jambo linaloweza kubadilisha uamuzi wa kampuni. Nimeeleza, kwa maandishi, kabla ya kulipa. Na wajibu huo wa kuwa mkweli unawabana na ninyi pia.

Kuhusu dereva: aliyekuwa anaendesha ni mpwa wangu, mtu mzima mwenye leseni ya udereva, anaishi kwangu. Mnasema jina lake halimo kwenye hati. Halimo kwa sababu hakuna mahali pa kuliandika.

Kuhusu betri, hapa nitakaa kidogo, maana ndipo pesa nyingi ilipo. Kigari kilikuwa na betri sita za risasi na asidi, nikazitoa zote nikaweka moja ya lithiamu. Anayevifahamu vigari hivi anajua kwamba betri ya namna hiyo ni sehemu kubwa ya thamani ya chombo chenyewe. Mtathmini wenu alikuja, akainua kiti, akaangaza tochi, akapiga picha, akaandika "uchakavu wa kawaida". Hebu iangalieni picha yake mwenyewe. Gamba la betri limepasuka kuanzia kwenye kona, upande ule ule ambao kigari kiligonga ukingo wa barabara, na bamba la kuishikilia limepinda kuingia ndani. Uchakavu haupindi chuma. Halafu thamani ya kigari mmeikokotoa kwa mwaka wa kutengenezwa tu, kana kwamba betri zile za zamani bado zimo.

Limebaki suala la abiria. Jirani yangu alirushwa nje kwenye kona, akavunjika kifundo cha mkono. Kigari hakikuwa kwenye mwendo wa ajabu. Hakijaongezwa kasi, kiko kama kilivyotoka kiwandani, na mwisho wake ni kilomita 24 kwa saa. Lakini hakina mlango wala mkanda, na kuanguka kwa abiria kwenye kona ni jambo linalojulikana kwa vyombo vya aina hii. Mnasema bima yangu ya dhima, yaani ile ya kulipia madhara ninayowasababishia wengine, inamhusu aliye nje ya chombo, haimhusu aliyepanda. Sawa. Ila kwenye kipeperushi chenu kuna kipengele cha gharama za matibabu ya abiria, kwa nyongeza ndogo ya ada, na nimekiona baada ya ajali. Mtu anayeuza bima ya chombo kisicho na milango, asitaje kipengele hicho, alikuwa anauza nini?

Ninachoomba ni hiki. Lipeni matengenezo ya kigari pamoja na betri kwa thamani yake halisi siku ya ajali. Gharama za hospitali za jirani yangu zishughulikiwe kana kwamba kipengele kile kilikuwemo; nyongeza yake mnaweza kuikata kwenye malipo yangu. Mkishikilia kwamba hati haiwaruhusu, basi nirudishiwe ada yote, kwa sababu nimeuziwa bima nisiyoiomba. Na fomu ile irekebishwe kabla hamjamkatia mtu mwingine.

Nasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 14. Tafadhali msinipigie simu; ya simu nimeshayasikia ya kutosha. Nisipopata jibu, nitapeleka barua hii pamoja na viambatisho vyake kwa mamlaka inayosimamia kampuni za bima.

Wako,
Mkatiwa bima

Viambatisho: barua pepe kati yangu na wakala, nakala ya fomu ya maombi, picha za betri, stakabadhi za hospitali.