Risala ya Vijana wa Filamu wa Majengo, Mombasa, kwa Mgeni wa Heshima, Siku ya UKIMWI Duniani

Mheshimiwa mgeni wetu wa heshima, wazee wa mtaa, mashehe na wachungaji mliofika, walimu wetu, kina mama wa vyama, vijana wenzetu: asalamu aleikumu, na hamjambo nyote.

Karibu Majengo, mgeni wetu. Tunajua umeacha mengi ukaja. Hatutakuweka sana, maana filamu yetu ni ya dakika tisa, na si vizuri risala iishinde kwa urefu.

Sisi ni vijana kumi na wanne. Tulianza na simu moja iliyopasuka kioo, kipaza sauti cha kuazima na shuka jeupe la kutundika ukutani. Hatukuwa na nia ya kusema habari za UKIMWI. Tulitaka kupiga filamu tu, yoyote. Kilichotugeuza ni arusi.

Katika arusi hiyo pilau ilipakuliwa kwenye masinia kama ilivyo ada yetu, watu wanne watano kwa sinia moja. Shangazi mmoja akaletewa sahani yake peke yake, ya maua, na kijiko juu yake, akaambiwa kwa upole ale kwa nafasi. Yeye si mgeni, kazaliwa nyumba ile ile. Kila aliyekuwapo alijua sababu, na hakuna aliyetia neno. Alikula vijiko viwili, akaifunika.

Mheshimiwa, tulikuwa tukidhani unyanyapaa ni matusi ya barabarani, ni mtu kuambiwa ana mdudu. Kumbe wa kwetu una adabu zake. Una tabasamu na sahani nzuri. Ndiyo maana mabango hayauwezi: bango lasema tusibague, nasi sote twaitikia, kwa kuwa hakuna anayejiona mbaguzi. Kamera haisemi kitu. Inaitazama ile sahani kimya, sekunde arobaini nzima, mpaka mtazamaji mwenyewe aanze kujisogeza kitini. Tulimwendea shangazi yule kuomba idhini yake. Alikubali kwa sharti kwamba tubadilishe jina, nyumba na kila kitu ambacho kingemtambulisha, nasi tukatii. Hata sheria inataka hivyo: Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti VVU na UKIMWI ya mwaka 2006 imekataza kutangaza hali ya mtu bila ridhaa yake.

Muswada wetu wa kwanza ulikuwa mbaya, na tunalisema hili mbele yako kwa sababu tulijifunza kwalo. Shangazi wa filamu alikuwa amekonda, anakohoa, na mwishoni anakufa. Tulimpa ausome mama mmoja anayeishi na virusi. Alituuliza kwa nini tumemuua. Yeye anakunywa dawa zake kila usiku, anauza samaki, analea wajukuu. Tuliona haya. Picha ile ya kifo tuliirithi kwa wakubwa wetu. Mgonjwa wa kwanza alitambuliwa nchini mwaka 1984, na mwaka 1999 serikali ilipotangaza UKIMWI kuwa janga la taifa, watu walikuwa wakizikana kwelikweli. Hofu ya wakati huo ilikuwa na sababu. Lakini tangu mwaka 2016 mwongozo wa Kenya ni kwamba kila anayekutwa na virusi aanzishiwe dawa bila kungoja augue. Dawa zimebadilika, na picha vichwani mwetu haijabadilika. Kwa hiyo shangazi wetu sasa hafi. Mtamwona akipanda tuktuk kwenda zake sokoni.

Kupiga filamu hapa mtaani kuna taabu yake. Tulikuwa tukiamka kabla ya alfajiri ili tuwahi ukimya, na kunguru wakatuwahi. Hayo ni madogo. Zito lilimpata dada yetu aliyeigiza shangazi. Yeye ni muuza mahamri. Baada ya onyesho la kwanza, wateja wawili wa kila siku waliacha kununua kwake, na nyumbani wakamwuliza mbona amejitia aibu. Aliigiza tu, Mheshimiwa! Tulikaa naye tukamwambia tutamtoa kwenye filamu akitaka. Akakataa. Akasema tuionyeshe tena, pale pale anapopikia. Tukatundika shuka juu ya meza yake ya mahamri, na watu wakakaa mpaka saa nne usiku.

Usiku ule ndipo maswali yalipotoka. Mzee mmoja wa barazani aliuliza kama kweli mate hayaambukizi, maana kwa miaka mingi hajanywea kikombe cha dada yake. Muuguzi tuliyekuwa naye akamjibu kwamba virusi havipiti kwenye chakula, wala mate, wala kushikana mikono. Kijana mwingine aliuliza habari za ndoa, akaambiwa jambo ambalo wengi wetu tulikuwa hatulijui: anayekunywa dawa sawasawa mpaka virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenzake kwa tendo la ndoa. Palikuwa kimya. Kisha mama mmoja akaomba muuguzi arudie, kwa sauti, walio nyuma wasikie.

Mgeni wetu, tunayo maombi. Tunahitaji projekta yenye mwanga wa kutosha na spika mbili, kwa kuwa tunazokodi hutugharimu kuliko filamu yenyewe. Tunahitaji msaada wa ada za vibali. Na tunaomba utufungulie mlango, ikiwezekana, tuonyeshe filamu hii pale watu wanapongojea feri ya Likoni. Pale hukutana Mombasa nzima, mwenye suti na mchukuzi, na kwa dakika kadhaa hakuna pa kwenda. Ombi hili la mwisho ndilo tunalolitaka zaidi, hata yale mengine yakishindikana.

Tunakushukuru, na tunawashukuru wazazi waliotuachia sebule zao tukazijaza nyaya.

Sasa tutazima taa. Baada ya filamu usiondoke, tafadhali. Mkeka umetandikwa nyuma ya ukumbi, pilau amepika dada wa mahamri, na maji ya kunawa yako tayari. Tumepakua sinia moja.