Shukrani kwa kaka wa Forodhani

Kaka wa kanzu na kamera iliyochakaa, sikukuuliza jina, ndiyo maana nakushukuru hapa hadharani. Jioni ile pale Forodhani, bustani ya kando ya bahari Zanzibar, nilikuwa nawapiga picha vijana wanaoruka baharini, kila picha ukungu mtupu, na moyoni nilishaamua kosa ni la kamera. Ukaomba kuishika. Ukaweka kasi ya 1/1000, yaani kamera ipokee mwanga kwa sehemu moja ya elfu ya sekunde tu, ukaniambia, "Mngoje afike juu kabisa, pale anatulia kidogo." Nilipobonyeza, matone yalionekana moja moja!

Tena ukanizuia kununua lenzi kubwa ya kuvuta mbali. Tafuta ya milimita 50, f/1.8, yaani yenye tundu pana la kuingiza mwanga, hata iliyotumika, ukasema, ila uimulike kwa tochi ya simu kwanza, maana unyevu wa pwani hauna huruma na vioo. Ya kwanza niliyoonyeshwa ilikuwa na kuvu ndani, kama utando wa buibui, na muuzaji anaapa ni mpya. Nikamrudishia. Ya pili ndiyo ninayo.

Picha ya yule mrukaji nimeichapisha. Nakala yako nimemwachia muuza juisi ya miwa, palepale tuliposimama.