Si mtetemo, ni chumvi

Bwana Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako miaka mingi nikimeza mengi. Ile habari ya stima kukatika Likoni haimezeki. Eti joto la kaskazi lilizitikisa atomu za vikombe vya nguzoni hadi vikachoka, vikapitisha umeme!

Mtetemo huo ndio breki. Elektroni iliyochopoka ndani ya kihami, yaani kitu kisichopitisha umeme kama hicho kikombe, husukumwa na uga wa umeme, lakini njiani hugonga atomu zinazotetemeka na kuziachia nishati, fungu kwa fungu. Mafungu hayo huitwa fononi. Katika fuwele ya chumvi ya jikoni, fononi moja huchukua elektronivolti (kipimo kidogo cha nishati) 0.03 hivi, na elektroni inahitaji zaidi ya 8 ili ing'oe mwenzake. Uga ukiipa nishati haraka kuliko inavyonyang'anywa, breki zimekatika: moja huzaa mbili, mbili nne, na kihami kimetoboka. Mwanafizikia Fröhlich alipiga hesabu hii 1937. Ndiyo maana fuwele safi ya chumvi, ikipashwa kutoka baridi kali hadi karibu na joto la chumbani, huzidi kustahimili. Joto huua kihami kwa njia nyingine: mkondo unaovuja hukipasha, kikipata moto huvuja zaidi, na joto likikosa pa kutokea, kinaungua. Hayo ni ya kebo na karatasi za transfoma, si ya kikombe cha kaure kinachopigwa na upepo mchana kutwa.

Kikombe cha Likoni hakikutoboka, umeme ulikipita kwa juu. Siku nne kabla, alfajiri, kilikuwa kikichachatika kama samaki kikaangoni, cheche za samawati zikionekana toka barabarani. Chumvi ya bahari iliyoganda juu yake, ikiwa kavu, huhimili takriban kilovolti 150 kwa milimita, hewa 3 tu. Lakini unyevu wa hewa ukipita asilimia 75, chumvi hunyonya maji na kuwa utando unaopitisha umeme. Mkondo huukausha utando huo ukanda kwa ukanda, volti zote hurundikana kwenye ukanda mkavu, cheche huruka, na cheche zikiungana stima imekwenda. Mvua kubwa huviosha vikombe. Balaa ni wiki za ukavu zikifuatwa na umande au manyunyu. Hili nalo mmelichapa kama "hitilafu ya kiufundi", jina mnalolitumia hata fundi anapofunga maungio ya nyaya kwa tepu ya kufungia katoni!

Mpeni mwandishi wako tepu ya fundi cherehani na kikombe kilichoshushwa nguzoni. Apime uso wake toka chuma hadi chuma, akifuata kila mbonyeo na kila ukingo. Pwani yenye chumvi nyingi huhitaji milimita 31 kwa kila kilovolti. Laini ya kilovolti 33, ambayo huhesabiwa kwa volti yake ya juu kabisa, 36, inataka 1,116. Akipata pungufu, hiyo ndiyo habari ya ukurasa wa kwanza.

Msomaji, Likoni