Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama: tamasha letu la filamu fupi, mwaka 2024

Wanachama wenzangu, habari za huko mliko, Mtwara mjini, Mikindani, Tandahimba na nyie wa upande wa Lindi. Najua nimechelewa na wengine mshaanza kuuliza kwenye grupu, naomba mnisamehe, nilitaka mtunza hazina afunge hesabu kwanza ndo niandike.

Nianze na lililotuumiza. Tulipanga kuonyesha filamu kwenye mashamba ya mikorosho mwanzoni mwa Mei, tukiamini masika inaisha na salfa, ile dawa ya mikorosho, haijaanza kupigwa, yaani shamba liko huru. Ikaja Hidaya. Tarehe 4 Mei kimbunga kikafika pwani, mvua ikamwagika Kilwa yote, barabara ya Dar ikakatika maeneo ya Somanga, na projekta tuliyokodi Dar ilikuwa ndo imepakiwa kuja. Ikabidi tuahirishe, na hela ya kutanguliza hatukurudishiwa mpaka leo. Hiyo ndo sababu mfuko wetu umeyumba, sio kwamba kuna mtu kala kitu, daftari lipo wazi kwa mtunza hazina na yeyote akalione.

Wengine mliuliza kwa nini tusingefanya Julai. Jamani, Juni mpaka Agosti mikorosho inatoa maua na wakulima wanapambana na ugonjwa wa ubwiriunga, salfa ya unga inapepea kila mahali, ukikaa chini ya mti nusu saa macho yanawasha, sasa fikiria lenzi ya projekta, na kusi nayo inavuma hasa. Kwa hiyo tukasogea Septemba na kiukweli kwa maoni yangu hapo ndo penyewe. Salfa imeisha, na mkulima ameshafanya palizi na kufagia chini ya miti ili korosho zikidondoka zionekane, kwa hiyo unakuta uwanja safi umeandaliwa na mwenye shamba kwa kazi yake mwenyewe, sisi tunatandika mikeka tu.

Ila korosho za kwanza zilishaanza kudondoka, na mzee aliyetuazima shamba kule Tandahimba alikuwa na wasiwasi, ana haki, hiyo ni hela yake ya mwaka mzima. Akatuomba mambo mawili, moto usiwashwe hata wa sigara kwa sababu majani makavu hayasubiri, na ndoo iwekwe pale njia ya kutokea ili mtu akikanyaga korosho aiokote akaitie. Nilisimama karibu na ile ndoo watu wakitoka. Kuna mtoto kama wa miaka sita hivi, keshabebwa mgongoni na amesinzia nusu, akamwambia mama yake asimame, akafungua mkono akadondosha mbili. Mzee ametuambia mwakani turudi, shamba ni letu.

Ndo maana hoja iliyoletwa kwamba tuhamie ukumbini mimi siikubali na naisema hapa wazi. Ukumbini wanakuja wale wale tunaojuana. Shambani alikuja mama kamaliza kupika, kabeba mkeka na ming'oko yake ya kuchemsha, vile viazi vya porini, akauza mpaka ikaisha, vijana wa boda wakazima pikipiki wakakaa, wazee wakaja na makoti yao. Australia na Marekani kuna wanaotundika skrini kwenye mashamba ya mizabibu watu wakaangalia filamu huku wanakunywa mvinyo wa hapo hapo, na jirani zetu ZIFF, tamasha la filamu la Zanzibar, kwa miaka mingi wamekuwa wakionyesha ndani ya kuta za Ngome Kongwe juu yao anga tupu. Sisi tuna mikorosho na juisi ya mabibo, tunatafuta nini ndani ya kuta nne zenye feni mbovu?

Skrini ndo ilitutesa. Ile ya mwaka juzi ilichanika kwa upepo, tukaenda kwa fundi wa matanga Mikindani, akaiangalia akasema nyie mmetengeneza tanga halafu mnashangaa linashika upepo. Akashona pindo upya kwa sindano yake ya matanga, akatupa foromali ya zamani, ule mti wa kutundikia tanga, tuitundikie juu, chini akatufungia kamba za kulegeza kama demani, kamba ya kuongozea tanga, upepo ukija unalegeza kidogo, ukipita unakaza. Haikuchanika tena mpaka mwisho. Hakutaka hela, alitaka aone filamu.

Na hapo kwa wavuvi tulikosea. Tulichagua siku za giza, mwezi haupo, ili picha ionekane vizuri, tukasahau giza ndo wakati wa dagaa, wanaume wote wako baharini na taa zao, Mikindani wakaja wake zao na watoto. Fundi wetu naye hakuona, mtoto wake alihitaji mtu chomboni. Napendekeza Mikindani tuwape usiku wa mbalamwezi, skrini tuigeuzie mgongo mashariki mwezi ukichomoza usiipige usoni. Tulishajaribu kwangu uani, picha inapungua kidogo ila inaonekana.

Kingine kizuri, zile filamu za Kimakonde zilikuja na maandishi ya Kiswahili chini, na kuna watu hawasomi au macho yamechoka, binti mmoja wa sekondari akaanza kumsomea bibi yake, watu wa jirani wakamwambia aongeze sauti, mwisho tukampa maiki. Mwakani tuwe na msomaji kila kituo, tumlipe hata nauli.

Watengenezaji wetu, nawaomba sana, leteni filamu na kibali cha Bodi ya Filamu mapema. Kazi nzuri kabisa za vijana wetu tumeziacha kwenye flashi kwa sababu hazikuwa zimepitishwa, na mimi siwezi kuwaweka wenye mashamba kwenye matatizo.

Ada ya uanachama. Tumekuwa tunadai Septemba, mwezi ambao mkulima ametoka kulipia salfa na vibarua wa palizi na hana kitu mfukoni. Minada ya korosho inaanza Oktoba na hela inaingia baada ya mnada. Naomba mkutano upitishe ada iwe mwisho wa Desemba, na atakayeweza aongeze kidogo tununue projekta yetu, tuache kusubiri basi la Dar.

Skrini iko kwangu, pindo la kushoto limeanza kuachia na fundi yuko safarini. Mwenye uzi wa matanga aje nao siku ya mkutano, tutaishona hapo hapo kabla ya ajenda.