Masasisho ya Linux yasitegemee neno la siri la mhasibu

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wakuu wa ofisi na maofisa TEHAMA wa huku kwetu kusini. Tangu Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10, Oktoba 14, 2025, ofisi kadhaa za Mtwara na Masasi zimeniita niziwekee Ubuntu, mfumo endeshi wa jamii ya Linux, kwenye kompyuta ambazo bado ni nzima ila Windows 11 inazikataa. Kuiweka si kazi. Kazi huanza pale intaneti ya ofisi inapopita kwenye proksi, yaani seva ya kati inayopitisha mawasiliano ya ofisi na inayomdai kila mtumishi jina na neno la siri.

Bosi akifungua Firefox na kujitambulisha, kurasa zinakuja, basi anaamini kompyuta nzima ina intaneti. Lakini apt, programu inayoleta masasisho, haina kidirisha cha kumwuliza mtu. Ikijibiwa 407, yaani jitambulishe kwanza, inaishia hapo. Na masasisho ya usalama Ubuntu huyatafuta yenyewe, hata saa ambazo hakuna mtu mezani.

Wengi hukimbilia kuandika jina na neno la siri la mtumishi mmoja kwenye faili ndani ya /etc/apt/apt.conf.d/, folda ya mipangilio ya apt. Inafanya kazi, mradi alama kama @ iandikwe %40: korosho@mtwara inakuwa korosho%40mtwara. Ila faili hilo kwa kawaida husomeka na kila mwenye akaunti kwenye mashine hiyo, na neno lenyewe mara nyingi ndilo lile lile mwenyewe analofungulia barua pepe.

Msimu wa korosho uliopita niliitwa ofisi moja, jina nalihifadhi. Siku ya mnada, simu za AMCOS, vyama vya ushirika vya wakulima, haziishi, na mhasibu hawezi kuingia popote. Alikuwa amebadilisha neno la siri kama utaratibu unavyomtaka. Kompyuta za kaunta, zilizokuwa zimeandikiwa neno lake kwenye mafaili ya apt, hazikuwa na habari. Ziliendelea kubisha hodi kwa neno la zamani mpaka mfumo ukaifunga akaunti yake, ukidhani kuna mwizi. Ikifunguliwa, inafungwa tena. Tulipoyaondoa yale mafaili, ikatulia. Lawama alibeba mhasibu, na wapo walioapa kwamba Linux ndiyo mbovu.

Ninachoomba ni kidogo. Proksi iruhusu archive.ubuntu.com na security.ubuntu.com bila kudai jina la mtu. Kwa wanaotumia Squid, programu ya proksi, kanuni hiyo ikae juu ya ile inayodai utambulisho, kwa sababu Squid husoma kutoka juu na kusimama kwenye kanuni ya kwanza inayolingana. Penye kompyuta nyingi na laini nyembamba, mashine moja ya ndani yenye apt-cacher-ng, programu inayohifadhi nakala za masasisho (mlango, yaani port, 3142), itashusha kila kifurushi cha programu mara moja na kuwagawia wenzake. Hapo hata megabaiti zinapona.

Najua wakuu wanataka kujua nani amekwenda wapi mtandaoni, na ni haki yao. Lakini hapa hakuna mtu anayeperuzi. Apt hukagua saini ya kidijitali kabla ya kuvikubali vifurushi, kwa hiyo jina la mhasibu haliongezi usalama wowote.

Kukaa bila masasisho ndiko kwa hatari. Januari 2021 ilitangazwa kasoro ndani ya sudo, programu ya Linux ya kumpa mtumiaji mamlaka ya msimamizi, iliyokuwamo tangu 2011, ambayo ilimwezesha mtumiaji wa kawaida kujipa mamlaka yote ya mashine. Dawa ilitoka papo hapo. Kompyuta iliyogota kwenye 407 isingeipata.

Hakuna zabuni inayohitajika wala kifaa cha kuagiza Dar es Salaam. Inahitajika barua ya ruhusa kwa anayesimamia proksi, na baadhi ya ofisi za hapa mjini bado naisubiri kutoka kwao.

Fundi kompyuta,
Chuno, Mtwara