Korona au influenza kwa mtoto: dalili peke yake hazitoi jibu

Ndugu Mhariri,

Kila msimu wa vikohozi unapoingia, hurejea yale majedwali ya safu mbili, korona huku na influenza kule, mzazi atie alama kisha ahesabu upande upi umezidi. Kwa watu wazima yana walakini. Kwa watoto tungependa yaachwe kabisa.

Homa, kikohozi, makamasi, koo kuuma, kichwa, uchovu, kutapika, kuhara: yote haya huletwa na maradhi yote mawili. Kupoteza harufu na ladha, ambako mwaka 2020 kulichukuliwa kuwa alama ya korona, kumepungua sana tangu aina ya Omikroni ienee mwishoni mwa 2021. Na mtoto wa miaka miwili hata akiipoteza hawezi kusema. Atasusa chakula tu, kama anavyosusa mtoto yeyote mwenye homa.

Madokezo yapo, ila yachukuliwe kwa uzito wake. Influenza huvamia: mtoto alikuwa akicheza asubuhi, jioni hajiwezi, joto limefika 39 au 40, anatetemeka na mwili wote unamuuma. Tangu kuambukizwa hadi kuugua ni siku 1 hadi 4, mara nyingi 2. Korona inayozunguka sasa huchukua kama siku 3 au 4, wakati mwingine zaidi, na kwa watoto wengi huanza taratibu, koo na makamasi kwanza. Ndiyo maana swali lenye faida kubwa kwa mzazi ni hili: nani wa karibu na mtoto aliugua, lini, na je, alipimwa? Jibu la kipimo cha mtu mmoja wa nyumbani lina uzito kuliko orodha nzima ya dalili.

Dokezo jingine ni miguu. Mtoto wa umri wa shule homa imeanza kushuka, kisha anaamka akilia maumivu ya vigimbi, anatembea kwa ncha za vidole au anagoma kabisa kutembea. Hapo misuli imevimba, jambo linalofuatana zaidi na influenza, hasa aina B, na kwa kawaida huisha lenyewe kwa siku chache. Mkojo ukigeuka rangi ya chai iliyokolea, apelekwe hospitali bila kuchelewa, kwa kuwa misuli inayovunjika huweza kudhuru figo. Kikohozi cha kubweka, chenye sauti ya kukwaruza na mlio wakati wa kuvuta pumzi, kilionekana kwa watoto wadogo wengi Omikroni ilipoingia. Lakini influenza nayo hukileta, na parainfluenza, ambayo ni virusi vingine vya njia ya hewa, kuliko zote.

Jibu la uhakika hutoka kwenye kipimo, na hapo makosa ni mengi. Kipimo cha haraka cha antijeni za influenza, yaani protini za virusi vyenyewe, hugundua takriban wagonjwa 50 hadi 70 kati ya kila 100 wanaougua kweli. Kikisema ndiyo wakati influenza imeenea, kiaminiwe. Kikisema hapana, hakijamwondolea mtoto influenza. Cha korona nacho kikisema hapana kwa mtoto mwenye dalili, kirudiwe baada ya saa 48. Vipo pia vipimo vinavyotafuta korona na influenza A na B kwa sampuli moja, na tukipewa nafasi ya kuchagua tunachagua hivyo.

Majibu mengi ya uongo chanzo chake ni uchukuaji wa sampuli. Mtoto mwenye makamasi mengi apenge au afutwe kwanza. Kijiti kigusanishwe na ukuta wa ndani wa pua na kizungushwe, tundu zote mbili, kwa muda uliotajwa kwenye maelekezo. Kukichovya na kukitoa haraka kwa sababu mtoto analia ni sawa na kutopima. Kipimo kilichotoka kwenye friji kiachwe kwanza kipate joto la chumba. Kisomwe ndani ya dakika zilizoandikwa: mstari unaojitokeza saa moja baadaye hauhesabiki, lakini mstari hafifu uliojitokeza ndani ya muda wake unahesabika. PCR, kipimo cha maabara kinachotafuta vinasaba vya virusi, ni makini zaidi, ila huweza kuendelea kusema ndiyo kwa wiki kadhaa baada ya mtoto kupona, kwa hiyo isitumike kuamua kama amepona.

Kuna faida gani kuyatofautisha? Ya kwanza ni dawa. Oseltamiviri hutibu influenza na haifanyi kazi kwa korona, na hufaa zaidi ikianza ndani ya saa 48 tangu dalili ya kwanza. Mtoto wa chini ya miaka 2, mwenye pumu, selimundu, ugonjwa wa moyo au kinga dhaifu, au aliyezidiwa hadi kulazwa, asisubiri jibu la maabara wakati influenza imeenea, daktari aanze. Kwa mtoto mwenye afya njema faida yake ni ndogo, hupunguza ugonjwa kwa siku moja hivi, na mara nyingi humtapisha.

Huduma ya nyumbani haitofautiani. Parasetamoli ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya uzito, kila baada ya saa 4 hadi 6, isizidi mara nne kwa saa 24. Hatari iko kwenye chupa: sharubati moja ina miligramu 120 katika mililita 5, nyingine ina 250 katika mililita hizo hizo. Mtoto wa kilo 10 akipewa mililita 5 za ile ya kwanza, amepata dozi yake. Za ile ya pili, amepitiliza. Ibuprofeni asipewe mtoto wa chini ya miezi 6 wala aliyeishiwa maji. Aspirini asipewe mtoto wala kijana, kwani ikikutana na influenza huweza kusababisha ugonjwa wa Reye, unaoharibu ini na ubongo. Antibiotiki haziui virusi.

Hata hivyo, kabla ya kipimo chochote, tazama pumzi. Pandisha nguo ya mtoto akiwa ametulia, hesabu kifua kinavyoinuka kwa dakika moja kamili. Pumzi 60 au zaidi kwa mtoto wa chini ya miezi 2, 50 au zaidi kwa wa miezi 2 hadi 11, na 40 au zaidi kwa wa mwaka 1 hadi 5, ni nyingi mno. Homa yenyewe huongeza pumzi, hivyo ni vizuri kuhesabu tena joto likishuka, lakini kifua kinachobonyea chini ya mbavu akivuta hewa hakisubiri hesabu ya pili. Hali kadhalika kushindwa kunyonya au kunywa, kutapika kila kitu, degedege, kulegea na kutoamka vizuri. Mtoto wa chini ya miezi 3 mwenye joto la 38 au zaidi aonwe siku hiyo hiyo. Palipo na malaria, apimwe malaria hata kama kipimo cha influenza kimesema ndiyo, kwa sababu moja haizuii nyingine. Na mtoto aliyepata nafuu kisha homa ikarudi na kikohozi kikazidi, afikiriwe nimonia ya bakteria iliyokuja nyuma ya influenza.

Faida ya pili ya kujua ni ya baadaye. Wiki 2 hadi 6 baada ya korona, hata iliyokuwa nyepesi, watoto wachache hupata uvimbe wa viungo vingi: homa isiyokatika, tumbo kuuma sana, kutapika, vipele, macho mekundu, midomo au viganja kuvimba. Umekuwa nadra kuliko ulivyokuwa mwaka 2020, lakini hudhuru moyo na huhitaji kulazwa. Hufanana na kidole tumbo kiasi cha mtoto kuweza kupelekwa kwa daktari wa upasuaji. Mzazi aandike tarehe ya kipimo cha korona kwenye kadi ya mtoto, na homa kama hiyo ikitokea, aitaje tarehe hiyo mapema, kabla hajaulizwa.

Wahudumu wa afya ya watoto