Heri ya Krismasi kutoka Mtwara

Ndugu, jamaa na walimu wenzangu, heri ya Krismasi na baraka za mwaka mpya. Shule zimefungwa, watoto wamerudi nyumbani. Ng'ambo ya Ruvuma, wenzetu wa Msumbiji huiadhimisha tarehe hii 25 Desemba kama Siku ya Familia, kwa hiyo salamu zangu mwaka huu naomba zivuke mto.

Jana jioni nilikaa barazani na mjomba akisuka dema, ule mtego wa samaki. Fito zinapita pande tatu, na kila tundu linatoka na pembe sita, sawasawa na la jirani yake. Rula hana. Nikamkumbuka Paulus Gerdes.

Huyu alikuwa mwanahisabati, mzaliwa wa Uholanzi, aliyekwenda kufundisha Msumbiji uhuru wa 1975 ukiwa bado mbichi na walimu hawatoshi. Alifundisha Chuo Kikuu cha Eduardo Mondlane, kisha tangu 1989 hadi 1996 akakiongoza chuo cha ualimu pale Maputo. Ninachompendea zaidi ni kwamba alikaa na wasukaji na wajenzi, akaipeleka kazi yao darasani. Madema ya kaskazini mwa Msumbiji, yenye matundu kama haya ya mjomba, aliyaandikia. Akaeleza kuwa zile pembe sita huzaliwa na mkono wenyewe unapotafuta msuko usiolegea.

Na kuna ule mfano wa msingi wa nyumba, ambao nami nimeufundisha. Wajenzi wa vijijini huchukua kamba mbili za urefu sawa, wakazifunga pamoja katikati kabisa. Zikivutwa zikakaza, ncha zake nne ndizo kona nne za nyumba, na kila kona ni pembemraba. Mtoto aliyeaminishwa kwamba jiometri ililetwa na Wareno anaikuta uani kwa babu yake! Hebu fikirini maana yake kwa nchi iliyotoka kutawaliwa jana tu.

Gerdes alifariki 2014. Mungu amlaze pema.

Wazazi, najua wengi mna vijana wanaosubiri matokeo. Wiki hii msiwaulize habari za alama. Wapelekeni kwa bibi, wahesabu miyaa inayoingia katika ukili mmoja wa mkeka, wamuulize kwa nini akipunguza mmoja msuko unakataa.

Dema la mjomba limekamilika, keshokutwa linaingia majini. Tukijaaliwa changu, mtaitwa.